Kiti kibovu ofisini ni adui wa afya

JE, msomaji, kiti unachokalia ofisini kina miguu yote? Huenda swali hili likakuchekesha. Lakini ingia katika ofisi nyingi za mijini, ziwe za serikali au za kampuni, nawe utaona kiti kilichoegemezwa ukutani kisianguke, meza yenye vibanzi vinavyorarua nguo, na kabati la faili ambalo droo zake hufungwa kwa kamba.

Aghalabu kiti hicho kibovu hukikuti kwa mkubwa. Mkubwa anaponunuliwa kipya, cha zamani humwendea msaidizi wake, cha msaidizi humwendea karani, na kilichochoka kabisa huishia kwa bawabu. Yaani anayeketi kwa saa nyingi zaidi ndiye apewaye kiti kibaya zaidi.

Madhara yake si madogo. Kiti kisicho na egemeo thabiti humfanya mtu ajikunje, misuli ya mgongo na shingo isipumzike, na kufikia jioni kiuno kinauma. Kiti kilicho juu mno huacha miguu ikining'inia na ukingo wake hubana mapaja hadi miguu ikafa ganzi. Viti vya kuzunguka navyo hutengenezwa kwa miguu mitano ili visipinduke. Mmoja ukivunjika, usikikalie tena. Na kabati lililojazwa faili nzito juu, chini likiwa tupu, laweza kumwangukia anayevuta droo.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi ni salama. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, sharti paundwe kamati ya usalama na afya. Kamati inayokagua vizima-moto pekee na kusahau viti imefanya nusu ya kazi yake.

Waajiri watasema hakuna pesa. Lakini skrubu, gurudumu au sponji havihitaji bajeti kubwa, na mafundi wa jua kali wa kuvitengeneza wamejaa Gikomba na kando ya Ngong Road. Mfanyakazi akiumia kazini, Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, nayo ya 2007, inamtwika mwajiri mzigo wa kumfidia. Lipi ghali?

Isitoshe, mtu anayeomba gurudumu la kiti kwa miezi sita bila kujibiwa hung'amua thamani yake machoni pa wakubwa. Tusishangae akiwahudumia wananchi kwa uso uliokunjamana.

Maoni yangu ni kwamba kila ofisi itenge siku moja kwa mwezi ya kukagua fanicha. Kilichovunjika kiondolewe siku hiyo hiyo, wala kisirudi kabla ya kutengenezwa. Na orodha ya matengenezo ianze kwa bawabu na karani, meneja awe wa mwisho.

Nawe msomaji una wajibu wako. Usipande juu ya kiti cha kuzunguka ili kufikia rafu. Usimwachie mwenzako aliye likizoni kiti chako kibovu ukachukua chake. Ripoti kasoro kwa msimamizi wako, tena kwa maandishi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kesho asubuhi, kabla ya kuketi, kipindue kiti chako ukitazame chini.