Msipande Nyuma ya Foklifti

Kwenu ndugu zangu wa Kurasini, Barabara ya Nyerere na kokote mnakoshusha mizigo,

Niko Daventry, Uingereza. Mimi mzima, ila baridi ndiyo imenikaa magotini. Kazi bado ni ile ile ya foklifti ghalani.

Nawaandikia kwa sababu ya video iliyozunguka kwenye kundi letu la WhatsApp. Foklifti inanyanyua mashine nzito, magurudumu ya nyuma yanaanza kuacha ardhi, vijana wawili wanarukia nyuma ili wawe uzani. Mzigo ukapanda, mkashangilia. Mimi sikuweza kucheka.

Foklifti si gari. Inakata kona kwa magurudumu ya nyuma, kwa hiyo yakiinuka hata kidogo usukani hauna kazi tena. Ile ya kubeba tani mbili na nusu yenyewe ina uzito wa karibu tani nne, na chuma kizito kimewekwa nyuma kwa hesabu ya kiwandani. Someni bamba lake. Likiandikwa kilo 2,500, pembeni huandikwa pia umbali, mara nyingi milimita 500: hapo ndipo katikati ya mzigo panapotakiwa kuwa, kuanzia shina la meno. Mzigo mrefu ukisogeza katikati yake mbele, au ukinyanyuliwa juu sana, zile kilo 2,500 hazipo tena. Najua mashine nyingi huko ni mitumba ya Japani na bamba limeandikwa Kijapani, lakini tarakimu ni zile zile.

Sasa fikirieni wale wawili. Mzigo ukiteleza kwenye meno, nyuma inashuka kwa kishindo nao wakiwa wameng'ang'ania. Mashine ikilala ubavu, hawana mkanda wala paa. Dereva naye, akishikwa na hofu, anaruka, na lile paa la chuma linamwangukia yeye. Kwenye foklifti ya kukalia hufundishwa kinyume cha silika: funga mkanda toka mwanzo, na ikianza kupinduka usiruke. Shika usukani, kaza miguu, egemea upande ambao mashine haiangukii.

Mtaniambia huku kuna hela. Kweli zipo, ila vitu vinavyotulinda kila siku ni vya bei ndogo. Kuna mstari wa rangi sakafuni unaotenga njia ya waenda kwa miguu na njia ya mashine. Hata meneja akiuvuka bila sababu anafokewa. Ufunguo hauachwi kwenye mashine. Kabla ya zamu dereva anaizunguka: matairi, minyororo, breki, honi, mafuta yanayovuja. Ukikuta kasoro, mashine inasimama, na hakuna anayekuita mvivu. Hilo la mwisho ndilo ninalolitamani zaidi kwa ajili yenu, kuliko mashine mpya yoyote.

Sheria nayo si ya huku peke yake. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tangu 2003, na wakala wa OSHA upo kuisimamia. Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, lakini fidia huja mtu akishaumia, na kibarua wa kutwa asiye na karatasi yoyote mkononi atahangaika sana kuthibitisha kwamba siku ile alikuwa kazini.

Wenye maghala, neno langu kwenu ni fupi. Mnawasukuma vijana kwa idadi ya makontena, kisha ajali ikitokea mnasema dereva mzembe. Kama hamjamlipia mafunzo, na utingo wake ndiye anayeshika usukani yeye akienda kula, uzembe umeanzia ofisini. Leseni ya gari haimfanyi mtu kuwa opareta, na aliyezoea mashine ndogo hajui ya kontena mpaka afundishwe.

Na nyinyi wawili wa kwenye video, najua riziki ya siku ndiyo iliyowapandisha pale. Mzigo ukizidi, ugawanyeni, au semeni iletwe mashine kubwa. Anayewaambia mpande nyuma, mwambieni apande yeye kwanza.

Ndimi ndugu yenu,
Daventry