Bata Mzinga wa Sikukuu na Safari Yake

Tangu serikali ilipoazimia mwaka 1973 kuyahamishia makao makuu ya nchi Dodoma, na hasa baada ya mwaka 2016 wizara zilipoanza kuhamia kwa kweli, mji huu umekusanya jamaa wengi ambao majiko yao yako Area D au Kisasa, ilhali wazee wao wako Mvumi, Mpwapwa, Kondoa au Manyoni. Kila ifikapo Krismasi, au Idi kwa ndugu zetu Waislamu, huonekana desturi ambayo asili yake ni ihsani na mapenzi, nayo ni kumwandaa bata mzinga au jogoo wa kienyeji mjini tangu alfajiri, kumfunga, kumpakia garini na kumpelekea mzee angali anafuka mvuke. Ihsani hiyo sina neno nayo. Neno langu ni juu ya safari yenyewe, kwa maana aghalabu chakula kiondokacho mjini kikiwa moto hufika shamba kikiwa vuguvugu, na wenyeji, kwa staha na kwa njaa ya sikukuu, hukila hivyo hivyo.

Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo kisicho na utata: chakula kilichopikwa ama kishikwe katika joto la zaidi ya nyuzi 60 mpaka kiliwe, ama kipozwe upesi mpaka chini ya nyuzi 5, wala kisiachwe katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili. Wako vijidudu ambao mbegu zao hustahimili moto wa jikoni, na nyama inapopoa polepole mbegu hizo huchipua na kuzaana. Na wali nao una vijidudu vyake, ambavyo sumu yao haiondoki hata chakula kikipashwa moto mara ya pili. Hapa ndipo hali ya hewa ya uwanda wetu inapotuhadaa, kwa kuwa mchana wa Desemba, ambao huweza kupita nyuzi 30, haukiweki chakula kikawa moto wala haukiachi kikapoa, bali hukishika palepale katikati, mahali pabaya kuliko pote.

Lawama yangu ya kwanza naielekeza kwenye imani tuliyo nayo juu ya hotipoti. Chombo hicho hakizalishi joto. Hulinda lile kilichokabidhiwa, na kikikabidhiwa joto dogo hulinda dogo. Fauka ya hayo, hotipoti nyingi za madukani zimetengenezwa kwa kadiri ya wali wa nyumba moja, kwa hiyo mpishi hulazimika kumkatakata ndege ili aenee, na nyama iliyokatwa hupoa haraka kuliko ndege mzima, kwa sababu kila pande limefunuliwa pande zote. Kisha gari husimama Mbande, ipindapo njia ya Kongwa na Mpwapwa, watu wakashuka kununua maji, na mmoja wao, kwa nia njema kabisa, akafunua kifuniko atazame kama mchuzi haujamwagika. Mvuke ule utokao kwa nukta chache ndio uliokuwa akiba ya safari nzima.

Mwenye azma ya kumfikisha ndege akiwa moto kweli, na atafute deli, lile lile wauza samaki na soda wanalotilia barafu, kwani kinachozuia joto lisiingie huzuia pia lisitoke. Alimiminie maji yanayochemka, alifunike kwa nusu saa, kisha ayamwage na kulikausha. Ndege atoke jikoni akiwa ameiva mpaka ndani ya paja, mahali nyama ni nene, ambapo kipimajoto, kwa aliye nacho, kisome nyuzi 74 au zaidi. Na anayechemsha kabla ya kuoka kwa makaa ya juu na chini akumbuke kwamba Dodoma imeinuka zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na maji yake huchemka kwenye nyuzi takriban 96, hivyo bata mzinga mzee hapa hutaka subira kuliko alivyozoea mpishi wa Tanga. Afungwe mzima kwa karatasi ya foili mara mbili, kisha kwa taulo safi, awekwe delini, na nafasi iliyosalia ijazwe taulo au magazeti, maana hewa tupu ndiyo mwizi wa joto. Ngozi italainika, hilo halina dawa, na asiyeliridhia na ale nyumbani kwake. Pilau isishindiliwe tumboni mwa ndege, bali isafiri katika chombo chake, na mchuzi uende katika chupa ya chai.

Tadbiri hii yatosha kwa Mvumi, na kwa Mpwapwa pia ikiwa gari ni la mtu binafsi na halisimamisimami njiani. Kwa Kondoa au Singida siitegemei, na kwa mzigo wa basi naikataa katakata, kwa sababu kifurushi alichokabidhiwa kondakta hukaa kituoni kabla ya safari, hukaa butini wakati wa safari, na hukaa tena kwa mpokeaji mpaka atokee mtoto wa kukifuata. Hapo ni heri kumkata ndege vipande jioni ya kuamkia siku hiyo, kumpoza katika jokofu, kumsafirisha juu ya barafu na kumpasha huko mpaka mchuzi uchemke.

Au, na hili ndilo ninaloliona bora, asafiri akiwa hai. Mabasi ya Singida yamebeba kuku kwenye matenga miaka mingi, na hakuna tenga lililohitaji barafu wala foili. Mpelekee mama ndege wake, mchele, viungo na gunia la mkaa, ufike siku moja kabla, uvue viatu na umsaidie kumnyonyoa.