Taa ya ABS musiizime, muitafutie sababu

Mu mungodi, mutu akikata waya ya alarmu juu inamupigia makelele, kapita anamufukuza siku ileile na hakuna mwenye kumulilia. Lakini mutu huyohuyo akitoka kazi mangaribi, anapanda taksi-basi yenye fundi alishatoa ampuli ya taa ya ABS, na hasemi kitu.

Jirani yetu mumoja alinunua motokari ya okazio yenye kupitia Kasumbalesa. Siku ile hakuna taa hata moja iliwaka ku tablo, akafurahi. Alipaswa kuogopa. Motokari nzima, ukifungula kontakti, taa ya ABS inawaka kwanza segonde kidogo, kisha inazimika yenyewe: njo kusema kalkilateri imejipima. Taa isiyowaka hata kidogo, mara nyingi mutu alishaichezea. Wandugu, mukienda kununua, muangalie zile segonde za kwanza mbele ya kuangalia rangi.

Ikibaki inawaka mu safari, freni za kawaida zingali zinashika. Lakini ukikanyaga kwa nguvu mu mvua, magurudumu yanaweza kufunga, motokari inateleza na usukani hausikii tena. Taa nyekundu ya freni ni maneno ingine: ikiwaka wakati freni ya mukono imefunguliwa, simama palepale, angalia mafuta ya freni.

Sasa tuje ku makuta. Mashini ya kusoma kodi inasema, kwa mufano, gurudumu la mbele la kushoto. Fundi mwenye haraka anajibu: «Kapteri imekufa, leta dola.» Kisha anataka ya pili, kisha kalkilateri yenyewe, na mushahara wa mwezi umeisha. Lakini mashini ilionyesha gurudumu tu, haikusema ununue nini. Kapteri nyingi ziko na sumaku, zinavuta unga wa chuma wa diski. Mara ingine kuisafisha kunatosha. Waya yake inapinda kila unapokata kona, mwisho inakatika ndani na inje haionekane kitu. Rulema ikilegea, nafasi kati ya kapteri na duara la meno inabadilika. Na kuna ile ya kardani, tumeiona mara nyingi: kardani mupya imewekwa, haina duara la meno, ama hesabu ya meno si sawa na ile ya zamani. Kama pedali inatetemeka wakati unasimama polepole ku lami kavu, muangalie duara lile kwanza, pengine kutu imelipasua.

Fundi wa kweli anafanya hivi: mutu mumoja anatembeza motokari polepole, mwingine anaangalia ku mashini kama magurudumu yote mane yanaonyesha mwendo mumoja. Lile linaloanguka kwa sufuri njo la kufungula. Fizibu na batri anazipima mbele ya kuomba hata franka moja.

Tusilaumu garaji peke yake. Mashofere wengi njo wanaomba wenyewe taa izimwe, juu patro anangojea makuta yake ya siku. Wengine wanasema ku changarawe ABS inarefusha mahali pa kusimama. Ni kweli, inaweza kurefusha. Lakini kutoka Lubumbashi mupaka Likasi ni lami, na mvua ikianza mu Novemba lami ile inateleza sawa sabuni.

Tunaomba kompani zinazolipa mabasi ya kubeba wafanyakazi: mbele ya watu kupanda, mutu wa usalama afungule kontakti, aangalie taa inawaka kisha inazimika. Inakamata segonde tano. Basi lisilowasha taa ile libaki mu kiwanja, na siku ile mufanyakazi asikatwe mushahara juu alichelewa.