Mama anameza mchana na usiku
Mwandishi, wazee umewatia hofu bure kwamba dawa za kolesteroli hugombana na kalisiamu. Mama yangu hapa Turbo humeza atorvastatini, dawa ya kolesteroli, usiku, na kalisiamu yenye vitamini D mchana akishamaliza ugali wake, maana kalisiamu kaboneti hufyonzwa vizuri tumboni mkiwa na chakula. Hazijagombana. Ulichosahau ni dawa ya kiungulia, ile nyeupe ya chupa tunayonunua bila kuuliza: yenye alumini na magnesi hupunguza rosuvastatini, dawa nyingine ya kolesteroli, mwilini kwa karibu nusu. Inywewe saa 2 baada ya rosuvastatini. Na misuli ikiuma mkiwa mnameza dawa hizi za kolesteroli, msisingizie uzee au baridi ya huku, mwambieni daktari. Mama bado anadai maziwa ya mursik yangetosha badala ya vidonge vya kalisiamu. Sibishani naye.