Chanjo ya Kansa Iko Kenya Tangu 2019. Je, Dada Yako wa Garsen Amedungwa?

Ukiskia maneno kama "ushirikiano wa kimataifa dhidi ya kansa", unawaza nini? Mabuda wa suti wakipiga picha Geneva, si ndio? Sawa, lakini hiyo stori mwisho wake uko Garsen, kwa friji ya zahanati na kwa mkono wa msichana wa miaka 10.

Tuanze na namba. Kansa ya mlango wa kizazi ndiyo inaua wanawake wengi Kenya kuliko kansa ingine yoyote. Makadirio ya kimataifa ya 2020 yalisema vifo 3,211 kwa mwaka. Piga hesabu: karibu mathe tisa kila siku. Kinachouma zaidi ni kwamba karibu kesi zote zinaletwa na virusi vya HPV, na chanjo yake iko.

Kenya ilianza kuwadunga wasichana wa miaka 10 Oktoba 2019. Kwa hosi za serikali ni bure, kwa sababu shirika la Gavi linasaidia kulipa.

Sasa noma ilikuwa wapi?

Ilikuwa dozi mbili, na kati yao miezi sita. Kwa msee wa Nairobi hiyo si shida. Lakini Tana River, familia ya Waorma au Wawardei inafuata malisho. Leo wako karibu na delta, miezi sita baadaye wako mbali. Mto nao ukivunja kingo, Wapokomo wa kando ya maji wanabeba virago. Nesi atampata wapi yule mtoi wa dozi ya kwanza?

Hapo ndipo sayansi ya nyumbani ilipookoa. Utafiti wa KEN SHE, ulioshirikisha KEMRI na watafiti wa Marekani, uliwachukua wasichana na wanawake 2,275 wa Kisumu, Thika na Nairobi. Matokeo ya 2022: dozi moja ilizuia aina mbili hatari zaidi za HPV kwa asilimia 97.5. Desemba mwaka huohuo, WHO ikakubali ratiba ya dozi moja, na Kenya nayo ikaingia kwa mfumo huo. Yaani madem wa Kenya ndio walisaidia dunia kujua. Hiyo ni heshima, na kwa Garsen ni dawa: nesi akikutana na mtoi mara moja tu, amemaliza kazi.

Lakini doo ni za nani?

Juni 2025, Marekani, mmoja wa wafadhili wakubwa wa Gavi, ilitangaza kwamba haitatoa tena pesa kwa shirika hilo. Kenya yenyewe inatarajiwa kuongeza polepole mchango wake wa kulipia chanjo. Mgeni akianza kufunga mkoba, mwenye nyumba lazima aangalie wake. Bajeti ikikaza, wa kwanza kuskia baridi si Nairobi. Ni kule nesi anahitaji boda na mafuta ndio afike kijijini.

Na aliyeugua tayari?

Garsen iko katikati kabisa. Mashine za mionzi ziko Garissa na Mombasa, na kila upande ni zaidi ya kilomita 200. Mionzi si ya siku moja. Mara nyingi ni siku tano kwa wiki, karibu wiki tano. SHA ilipoanza Oktoba 2024, kifurushi cha kansa kilikuwa shilingi 550,000 kwa familia kwa mwaka. Lakini nauli na kitanda cha kulala Mombasa ni juu yako. Na Novemba 2023 El Niño ilikata barabara pale Madogo, watu wakavuka kwa boti kuingia Garissa. Mgonjwa wa mionzi hawezi kungoja maji yapungue.

Ndio maana dozi moja ya miaka 10 inashinda safari zote hizo. Wazungu wanaweza kuleta chupa hadi bandarini. Kuitoa hapo hadi Garsen, na kumaliza ule uvumi eti chanjo inafunga uzazi, ni kazi yetu.

Una dada mdogo wa miaka 10? Uliza kama amedungwa. Mathe au sistako ana miaka 25 hadi 49? Mwambie aende apimwe. Mahali hakuna maabara, nesi anatumia siki tu, na jibu linatoka palepale.