Bei ya semolina hupanda kwa lifti, hushuka kwa ngazi

Kila bei ya ngano inapotajwa, wengi wetu hufikiria mkate na chapati. Ipo ngano nyingine, ngano ngumu, ambayo ndiyo husagwa kupata semolina. Huo ni unga wa chengachenga unaotengenezewa tambi za Italia na kuskusi ya Algeria na Tunisia. Hapa Uganda tunamjua zaidi ndugu yake, suji, kwa ajili ya halua.

Soko lake ni dogo mno. Dunia huvuna takriban tani milioni 30 hadi 35 za ngano ngumu kwa mwaka, chini ya asilimia 5 ya ngano yote. Karibu nusu ya ile inayouzwa nje hutoka Kanada, hasa jimbo la Saskatchewan. Mwaka 2021 mvua iligoma huko, na mavuno ya Kanada yakapungua kwa zaidi ya nusu. Bei nchini Italia ikaruka kabla mwaka haujaisha, hata kabla ya vita vya Ukraine.

Aliyeumia zaidi ni mlaji wa Afrika Kaskazini. Huko semolina ni chakula cha kila siku, na serikali hulipia sehemu ya bei yake. Tunisia ilijifunza kwa damu: mwishoni mwa Desemba 1983 serikali ilipandisha bei ya mkate na semolina, watu wakaingia mitaani, makumi wakauawa, na tarehe 6 Januari 1984 Rais Bourguiba akaifuta nyongeza hiyo. Tangu hapo hakuna kiongozi wa huko anayeigusa bei hiyo kwa mkono mwepesi. Lakini ruzuku hutaka fedha za kigeni, na mwaka 2023, ukame ulipoharibu mavuno ya nyumbani, foleni zilirudi mbele ya maduka ya mikate.

Linalonikera mimi ni jambo jingine. Mwaka huohuo wa 2023 bei ya ngano ngumu ilikuwa imeanza kushuka, na Uturuki, inayojulikana zaidi kwa kuuza tambi, ilimwaga nafaka yake sokoni. Hata hivyo tambi madukani Italia ziliendelea kupanda, hadi serikali ya Roma ikaitisha kikao mwezi Mei kuwahoji wenye viwanda. Walijibu kwamba walikuwa bado wanasaga ngano waliyoinunua kwa bei ya juu. Huenda ni kweli. Mbona bei ilipopanda hawakusubiri kumaliza ghala la bei nafuu?

Swali hilo linatuhusu hata sisi. Mwaka 2022 wafanyabiashara wetu walipandisha mkate na tambi wakitaja Ukraine, na hoja yao ilikuwa na msingi, kwa kuwa ngano yetu nyingi huagizwa. Mlaji wa Kampala hana njia ya kujua shehena hiyo ilinunuliwa kwa kiasi gani. Italia angalau iliwaita wahusika mezani.

Wizara ya Biashara haihitaji sheria mpya kwa hili. Itangaze kila mwezi bei ya ngano inayofika Mombasa, na kando yake bei ya pakiti ya tambi na ya mkate mjini. Takwimu za forodha zipo tayari.