Mvua Ingali Kaskazini: Tuusome Vipi Utabiri wa Msimu Huu?

Mwanzoni mwa mwezi huu wa 9, 2024, habari mbili zimefika pamoja katika makanisa yetu, na wengi wanazichanganya. Ya kwanza ni kwamba huko kaskazini mvua haijakatika. Sudani Kusini, maji yamewazunguka mamia ya maelfu ya watu. Sudani, bwawa la Arbaat karibu na mji wa Port Sudan lilipasuka tarehe 25 mwezi wa 8, likafagia vijiji. Habari ya pili ni utabiri wa ICPAC, kituo cha tabianchi cha nchi za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki. Kituo hicho kinasema kwamba mvua za mwezi wa 10 hadi wa 12 zinatazamiwa kuwa chini ya kawaida katika sehemu kubwa ya eneo lake, hasa Somalia, mashariki ya Kenya na kusini ya Ethiopia.

Kuna ndugu waliosikia habari ya kwanza wakaanza kuogopa gharika. Wengine walisikia ya pili wakasema: afazali, mwaka huu maji hayatatusumbua. Kwa maoni yetu, wote wamesikia vibaya. Lakini kosa la hao wa pili ndilo linaloweza kuua watu.

Mvua ya kaskazini inaelekea wapi?

Mvua katika sehemu zetu hulifuata jua. Katika mwezi wa 7 na wa 8, mkanda wa mvua hukaa kaskazini ya ikweta. Ndiyo maana Ituri na Uele hunyeshewa wakati Uvira, Fizi na Kalemie wako katika kiangazi na vumbi. Kuanzia mwezi wa 9 mkanda huo hushuka kuelekea kusini. Kwa hiyo mvua kuwa nyingi Sudani Kusini mwezi wa 8 si jambo geni, hata kama mwaka huu imezidi. Wala si alama kwamba mvua hiyohiyo itashuka kwetu na nguvu zilezile.

Maji yaliyokwisha kuanguka nayo yana njia zake. Milima ya Virunga inayagawa. Mvua inayonyesha kaskazini ya volkano hizo hushuka kwa mto Rutshuru hadi Ziwa Edward, kisha kwa Semliki hadi Ziwa Albert, na mwisho huingia Nile. Inayonyesha kusini yake huingia Ziwa Kivu, hushuka kwa Ruzizi hadi Tanganyika, hutoka kwa Lukuga pale Kalemie, na kuingia katika mto Kongo. Basi ndugu wa Uvira asiogope maji ya Sudani Kusini: maji hayo hayawezi kumfikia, yanakwenda Misri. Anayepaswa kuangalia ni ndugu wa kando ya Ziwa Albert, kwa sababu maji ya Ziwa Victoria, ambalo mwaka huu limejaa sana, hupita Nile na kuingia katika ziwa hilo upande wa kaskazini. Wa Uvira na Kalemie waulize hivi: imenyesha kiasi gani Bukavu, Rwanda na Burundi? Ziwa Tanganyika halina mlango wa kutokea isipokuwa Lukuga peke yake, kwa hiyo likijaa hupungua polepole. Nyumba nyingi zilizoingiwa na maji ya ziwa mwezi wa 4 na wa 5 mwaka huu zingali zinaonyesha jambo hilo.

Ramani inayokoma mpakani

Jambo la pili: utabiri wa ICPAC haukutengenezwa kwa ajili yetu. Kituo hicho kinahudumia nchi 11, nazo Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania zimo, lakini Kongo haimo. Nchi yetu imehesabiwa pamoja na Afrika ya Kati, na hapa ndani kazi ya hali ya hewa ni ya Mettelsat, iliyo na makao Kinshasa. Ukitazama ramani hiyo ya rangi, rangi zinaishia mtoni Ruzizi. Ng'ambo ya Ruzizi ni sisi, na mawingu hayaulizi pasiporti.

Hata hivyo ramani ya jirani inatusaidia kidogo, mradi tuisome sawasawa. Watabiri hugawa misimu ya zamani mafungu matatu: mvua nyingi, mvua ya kawaida, mvua kidogo. Kama hakuna alama yoyote, kila fungu lina nafasi ya asilimia 33 hivi. Wakiandika kwamba fungu la mvua kidogo lina asilimia 45, maana yake ni kwamba katika misimu 10 ya namna hiyo, 4 au 5 itakuwa na mvua kidogo. Iliyobaki itakuwa ya kawaida, au hata ya mvua nyingi. Alama ya mwaka huu inatoka baharini: La Niña inatazamiwa katika Pasifiki. Nguvu yake inaonekana zaidi Somalia na mashariki ya Kenya kuliko huku kwetu milimani, ambako misitu na maziwa pia huleta mawingu yao.

Kwa mkulima wa saizoni A shauri linalofaa ni dogo. Asiache kupanda, ila asimwage mbegu zote kwa mvua ya kwanza. Aweke akiba ya maharagi ya kupanda mara ya pili, na asisahau muhogo na viazi vinavyovumilia.

Msimu ni kitu kimoja, usiku ni kingine

Sasa tufike kwenye neno ambalo hasa tulitaka kusema. Utabiri wa msimu unahesabu mvua ya miezi 3 katika eneo kubwa. Hausemi chochote juu ya usiku mmoja katika bonde moja. Nao usiku mmoja ndio unaotuzika.

Tukumbuke Kalehe. Mwezi wa 5, 2023, La Niña ilikuwa imekwisha na El Niño ilikuwa bado haijatangazwa. Hakukuwa na jina kubwa la kutisha redioni. Usiku wa kuamkia tarehe 3, mvua iliua watu zaidi ya 130 ng'ambo, Rwanda. Siku iliyofuata, tarehe 4, Alhamisi ya soko, mito ilishuka na mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengi hawakuonekana tena. Kati ya msiba wa Rwanda na ule wa Kalehe kulikuwa na zaidi ya siku moja nzima. Ziwa ni lilelile na udongo ulikuwa umelowa pande zote mbili.

Baadaye wataalamu wa World Weather Attribution walijaribu kupima kama kubadilika kwa tabianchi kulichangia. Walishindwa kutoa jibu, kwa sababu vipimo vya mvua katika sehemu hizi ni vichache mno. Ndiyo kusema wafu wetu walikuwa wengi kuliko takwimu zetu.

Kanisa linaweza nini?

Hatuna rada, lakini tuna makanisa toka juu ya milima hadi kando ya ziwa, na wachungaji wanaojuana kwa simu. Mtandao huo unaweza kuwa mlinzi. Mvua ikipiga kwa nguvu juu, mchungaji wa juu amwite wa chini saa ileile, hata kama ni usiku wa manane. Wa chini apige kengele au ngoma, kwa mlio ambao watu wote walikwisha kuelezwa maana yake. Wajue pia alama za mto: maji kubadilika kuwa tope ghafula, sauti ya mawe yanayogongana, au mto kupungua wakati mvua inanyesha. Hiyo ya mwisho inawadanganya wengi, kumbe mlima umeanguka na kuufunga mto huko juu, na kizuizi hicho kitapasuka.

Tena, kila paruwasi inaweza kuwa na kipimo cha mvua na daftari, na kijana mmoja anayeandika kila asubuhi saa 1. Na jengo la kanisa lililo mahali pa juu liachwe wazi usiku wa mvua kubwa. Familia zilizokimbia vita na kujenga vibanda kando ya mito hazikuchagua mahali pale. Tuwe wa kwanza kuzifikiria.

Wako watakaosema kwamba kujitayarisha hivyo ni kupungukiwa na imani. Lakini Yusufu alipojua mapema habari ya miaka ya njaa, hakukaa akiomba tu, alijenga ghala. Utabiri ukisema mvua kidogo, tupande kwa akili. Lakini kengele ikae tayari na simu iwe na umeme, kwa maana mvua ya usiku mmoja haisomi ramani ya msimu.